Tommy Douglas aliangushwa Regina, sheria yake ikafika Ottawa

Jumatatu, 18 Juni 1962, wapiga kura wa Regina walimnyima Tommy Douglas kiti cha ubunge wa taifa. Regina ndio makao makuu ya jimbo la Saskatchewan, katika nyika za ngano za magharibi mwa Canada, na Douglas hakuwa mgeni pale. Alikuwa ameliongoza jimbo hilo miaka 17, ameshinda chaguzi tano mfululizo, na alikuwa amejiuzulu miezi saba tu kabla ili aongoze chama kipya cha kitaifa, New Democratic Party. Mji uliomwangusha ndio mji aliokuwa akiamkia kazini kila siku. Siku 13 baadaye, tarehe 1 Julai, ikaanza kutumika sheria ambayo yeye ndiye aliyeipigania tangu mwanzo: mkazi wa Saskatchewan akiugua aende kwa daktari, na bili ilipwe na mfuko wa umma.

Kila msimu wa kampeni unapokaribia hapa Kenya, magavana wanaomaliza mihula yao wakaanza kupiga jicho Nairobi, mimi huurudia mkasa huu. Tumezoea kusema kwamba kiongozi akitoka kaunti kwenda taifa, au akitoka jimbo kwenda serikali ya shirikisho kwa nchi zenye mfumo huo, basi "amepanda". Naona neno hilo linatupotosha. Safari ya Douglas inanionyesha kwamba mtu na kazi yake hawasafiri kwa gari moja, na mara nyingi kazi hutangulia kufika.

Kwanza tuelewane kuhusu majina. Canada ni shirikisho la majimbo 10 na maeneo matatu ya kaskazini. Kila jimbo lina bunge lake na mkuu wake wa serikali, ambaye nitamwita waziri kiongozi, jina lililotumika Zanzibar hadi 2010. Nikimwita waziri mkuu atachanganywa na yule wa taifa aliye Ottawa, mji mkuu wa Canada.

Tangu shirikisho liundwe mwaka 1867, mawaziri viongozi wawili tu wamewahi kuwa mawaziri wakuu wa taifa. Wote walitoka Nova Scotia, na wote ni wa karne ya 19. John Thompson aliliongoza jimbo lake wiki chache tu mwaka 1882. Alishika uwaziri mkuu wa taifa 1892 na kufariki akiwa madarakani miaka miwili baadaye. Charles Tupper, aliyeiongoza Nova Scotia kabla tu ya shirikisho kuzaliwa, alikaa kwenye kiti cha taifa siku 69 mwaka 1896. Baada ya hapo, hakuna hata mmoja. Wamejaribu watu wazito, wenye rekodi ya kujivunia, na wote wakaishia njiani.

Si kwamba mfumo wa kibunge ndio unaowazuia. India ina bunge la mtindo huo huo wa Uingereza, na Narendra Modi aliiongoza Gujarat tangu 2001 hadi alipokwenda New Delhi 2014 kuwa waziri mkuu. Kabla yake H. D. Deve Gowda alitoka Karnataka moja kwa moja mwaka 1996. Marekani nayo, kati ya 1977 na 2009, marais wanne kati ya watano walikuwa wamewahi kuwa magavana. Kwa hiyo lazima tuchimbe ndani ya Canada yenyewe.

Sababu ya kwanza, na ndiyo kubwa machoni pangu, ni aina ya siasa inayomjenga waziri kiongozi. Kazi yake, kwa macho ya waliomchagua, ni kuitetea nyumba yao mbele ya Ottawa: mafuta ni yetu, samaki ni wetu, fedha za ruzuku hazitoshi, sheria ya mji mkuu inatuumiza. Akigombana vizuri anashangiliwa. Desemba 2004 Danny Williams, aliyekuwa akiongoza Newfoundland na Labrador, aliamuru bendera za Canada ziteremshwe kwenye majengo ya serikali ya jimbo, kisa mgawo wa mapato ya mafuta ya baharini. Hebu fikiria asubuhi hiyo: mtumishi wa serikali amesimama kwenye baridi ya Desemba, anavuta kamba, bendera ya nchi yake inashuka. Mwezi uliofuata Ottawa ikafikia makubaliano mapya naye, na Williams akawa shujaa wa kwao. Lakini mtu aliyeteremsha bendera ya taifa atasimama vipi Toronto au Vancouver kuomba aipandishe? Williams mwenyewe hakuwahi kujaribu kwenda Ottawa, na nadhani alijua hesabu.

Mcheza kwao hutuzwa, walisema wahenga. Tatizo la waziri kiongozi wa Canada ni kwamba ngoma anayotuzwa nyumbani ni ile ya kuwalaumu majirani, na akihamia Ottawa majirani hao ndio wapiga kura wake.

Sababu ya pili ni vyama. Huku kwetu chama ni kimoja kuanzia wadi hadi Ikulu, na mwanachama ana kadi moja. Canada mambo ni tofauti. Chama cha Liberal cha taifa na kile kinachotumia jina hilo hilo jimboni vinaweza kuwa vyama viwili kabisa, kila kimoja na wanachama wake, mweka hazina wake na maadui wake. Vingine havina hata mwenzake Ottawa: Saskatchewan leo inatawaliwa na chama kiitwacho Saskatchewan Party, ambacho hakigombei nje ya jimbo. Waziri kiongozi akihama hawezi kubeba mtandao wake. Anaanza kutafuta wajumbe, wafadhili na wapiga debe kama mtu mpya.

Hapa Zanzibar inatupa kipimo kizuri. Omar Ali Juma alikuwa Waziri Kiongozi tangu 1988 hadi 1995, kisha akawa Makamu wa Rais wa Muungano. Mohamed Gharib Bilal alimfuata katika uwaziri kiongozi, naye mwaka 2010 akawa Makamu wa Rais. Wawili kutoka kiti kimoja! Njia ilikuwa wazi kwa sababu chama ni kile kile pande zote mbili za bahari, na Katiba inataka mgombea urais na mgombea mwenza watoke pande tofauti za Muungano. Canada haina daraja la namna hiyo. Anayetaka kuvuka ajitafutie mtumbwi.

Ya tatu ni lugha na idadi ya viti, nayo nitaipita haraka. Mwaka 1962 bunge la taifa lilikuwa na viti 265. Ontario ilikuwa na 85, Quebec 75, Saskatchewan 17. Kiongozi wa kutoka nyikani ambaye Kifaransa chake kinakwama mdomoni alikuwa ameshakosa robo ya nchi kabla hajafungua mkutano wa kwanza. Katika chaguzi nne Douglas alizokiongoza chama chake cha taifa hakupata kiti hata kimoja Quebec.

Nimtaje na Robert Stanfield, maana habari yake inaniuma. Aliiongoza Nova Scotia tangu 1956, akashinda chaguzi nne, mtu mpole, msema kweli, anayefikiri kabla ya kufungua kinywa. Septemba 1967 chama cha Progressive Conservative kilimchagua kuwa kiongozi wa taifa, na aliyemfuata kwa kura alikuwa waziri kiongozi mwingine, Duff Roblin wa Manitoba. Mwaka uliofuata akakutana na Pierre Trudeau wa chama cha Liberal akashindwa vibaya. Uchaguzi wa 1972 alipata viti 107 dhidi ya 109. Viti viwili tu! Kisha ikaja Mei 1974, katika uwanja wa ndege wa North Bay, Ontario. Ndege imesimama kutia mafuta, watu wanarushiana mpira ule wa mkono wa Kiamerika kupoteza muda, na Stanfield naye akajiunga. Aliudaka mara nyingi. Mara moja ulimponyoka, mwili umepinda, mikono imeachana, uso umekunjamana, na mpiga picha alikuwa tayari. Picha ya mpira ulioponyoka ndiyo iliyotokea kurasa za mbele. Julai akashindwa tena.

Kinachonisikitisha zaidi ya picha ni sera. Mwaka huo Stanfield aliingia kwenye kampeni na mpango wa kudhibiti bei na mishahara ili kupunguza makali ya mfumuko wa bei, na Trudeau akaufanyia kejeli jukwaani kila alikokwenda. Mwaka 1975 Trudeau huyo huyo akauleta udhibiti wa bei na mishahara kama sera ya serikali yake. Stanfield aliachwa nje, wazo lake likaingia ndani na kukaa mezani.

Narudi kwa Douglas sasa, kwa sababu kwake jambo hilo lilitokea kwa kiwango kikubwa kuliko kwa mwingine yeyote.

Alizaliwa Falkirk, Scotland, mwaka 1904. Familia ilipohamia Winnipeg alikuwa mtoto mwenye mguu mbovu: alianguka, goti likaumia, na ugonjwa ukaingia hadi kwenye mfupa. Wazazi wake hawakuwa na uwezo. Mtoto akalazwa katika wodi ya wasiolipa, na madaktari wakafikia uamuzi kwamba mguu ukatwe. Akapita daktari bingwa wa mifupa, akamwangalia, akasema atamfanyia upasuaji bila malipo kwa sharti moja: wazazi wakubali wanafunzi wa udaktari wasimame pale watazame. Wazazi wakakubali. Mguu ukapona, na kijana huyo alikuja kuwa bondia, bingwa wa uzani mwepesi wa Manitoba mwaka 1922.

Kisa hicho alikisimulia maisha yake yote, na sioni ajabu. Yeyote kati yetu aliyewahi kuongezwa usiku kwenye kundi la WhatsApp lenye picha ya mgonjwa na namba ya kutuma mchango anakielewa bila kutafsiriwa. Mtoto alipona kwa sababu siku ile alipita mtu fulani. Asingepita?

Douglas akawa mchungaji wa kanisa la Baptist huko Weyburn, Saskatchewan, mwaka 1930. Ndiyo miaka ya ukame na mdororo wa uchumi, vumbi limefunika mashamba, ngano haina bei. Aliingia siasa kupitia chama cha CCF, muungano wa wakulima, wafanyakazi na wanaujamaa. Alishindwa uchaguzi wa jimbo 1934, akashinda ubunge wa taifa 1935, na akakaa Ottawa miaka tisa akiwa katika chama kidogo kisicho na matumaini ya kushika serikali.

Mwaka 1944 akaiacha Ottawa akarudi Saskatchewan. Hapa ndipo neno "kupanda" linapovunjika. Katiba ya 1867 iliweka hospitali mikononi mwa majimbo. Mbunge wa taifa angeweza kupiga kelele kuhusu wagonjwa hadi koo likauke. Ufunguo wa wodi ulikuwa Regina. Douglas alikwenda ulikokuwa ufunguo. CCF ilizoa viti 47 katika bunge la jimbo, na ikawa serikali ya kwanza ya kijamaa kuchaguliwa Amerika Kaskazini. Yeye akashika uwaziri kiongozi pamoja na wizara ya afya.

Alivyofanya kazi ndiko kunakonivutia kuliko hotuba zake. Mwaka 1946 eneo moja la kusini-magharibi mwa jimbo, Swift Current, lilianza mpango wake wa afya ambapo wakazi walichanga na madaktari wakalipwa kutoka mfuko wa pamoja. Tarehe 1 Januari 1947 jimbo zima likaanza bima ya hospitali: dola tano kwa mtu kwa mwaka, na familia isitozwe zaidi ya dola 30 hata ikiwa na watoto kumi. Bima ya kumwona daktari ikangoja, maana jimbo halikuwa na fedha. Likabeba mzigo wa hospitali peke yake miaka 11. Mwaka 1957 bunge la taifa likapitisha sheria ya kuyachangia majimbo karibu nusu ya gharama za hospitali, na Julai 1958 fedha zikaanza kutoka. Saskatchewan ilipopumua kidogo, Douglas akazichukua hela zilizookolewa akatangaza hatua iliyobaki.

Ona mkondo wake: kutoka eneo la Swift Current hadi Regina, kutoka Regina hadi Ottawa, na fedha za Ottawa zikarudi Regina kufungua mlango mwingine. Hakuna mtu mmoja aliyetembea njia hiyo yote. Ni utaratibu uliojaribiwa mahali padogo, ukaonekana haujaanguka, wenzao wakauiga.

Sheria ya matibabu ilipitishwa Novemba 1961, Douglas akiwa ndiyo kwanza ameondoka. Mrithi wake, Woodrow Lloyd, ndiye aliyebaki nayo mkononi ilipowaka moto. Madaktari wengi wa jimbo waliikataa. Zikaundwa kamati za kuwatetea madaktari, wazazi wakaogopeshwa kwamba daktari wa familia atahama, na hofu ile ndiyo iliyombomoa Douglas siku ile ya Juni. Mgomo ulianza siku ile ile sheria ilipoanza, ukadumu siku 23. Serikali ikaleta madaktari kutoka Uingereza. Wapinzani wakaitisha mkutano mbele ya bunge la jimbo wakitarajia makumi ya maelfu. Wakaja elfu chache. Julai 23 makubaliano yakatiwa saini Saskatoon. Lloyd hatajwi sana, na naona si haki. Kubuni sheria ni kazi, kuisimamia siku 23 huku mji umekunja ngumi ni kazi nyingine.

Na sasa mtu wa pili kutoka Saskatchewan, ambaye maisha yake yalikwenda kinyume kabisa. John Diefenbaker aliongoza Conservative ya jimbo katika uchaguzi wa 1938 na hakupata kiti hata kimoja. Sifuri. Miaka miwili baadaye akaingia bunge la taifa, mwaka 1957 akawa waziri mkuu, na 1958 chama chake kikanyakua viti 208 kati ya 265. Aliyetupwa na jimbo akapokewa na taifa, aliyependwa na jimbo taifa likampa viti 19. Tofauti yao naiona hivi: Diefenbaker hakuwa na rekodi ya jimbo ya kubebeshwa. Hakuwa amemtoza mtu kodi ya jimbo, hakuwa amegombana na daktari wala mwalimu. Bob Rae, aliyeiongoza Ontario tangu 1990 hadi 1995 katikati ya mdororo, alipoingia siasa za taifa kwa chama kingine kabisa bado aliandamwa na zile siku za likizo bila mshahara alizowapa watumishi wa umma. Mwenye kutawala huacha alama, na alama hizo wapinzani huzihifadhi.

Ila ni Diefenbaker huyo aliyeunda tume ya afya ya kitaifa mwaka 1961 na kumpa uenyekiti jaji kutoka kwao Saskatchewan, Emmett Hall. Wengi walidhani Hall, mtu wa Conservative, atapendekeza kitu chepesi. Ripoti yake ya 1964 ikapendekeza nchi nzima ifuate njia ya Saskatchewan.

Douglas wakati huo alikuwa amepata kiti kingine, Burnaby huko British Columbia, kwa uchaguzi mdogo wa Oktoba 1962. Chama chake kilikuwa na viti 19, kisha 17, kisha 21. Lakini serikali ya waziri mkuu aliyemfuata Diefenbaker, Lester Pearson, haikuwa na wingi bungeni, na katika hali hiyo viti 21 vina sauti kuliko idadi yake. Desemba 1966 sheria ya taifa ya matibabu ikapita kwa kura 177 dhidi ya 2. Miaka minne tu kabla, Regina ilikuwa imemwangusha mtu kwa wazo hilo hilo.

Nisimfanye malaika wa taifa zima. Ottawa ina mitihani ambayo hakuna jimbo linaweza kukuandalia. Oktoba 1970 FLQ, kundi lililotaka Quebec ijitenge, liliteka watu jimboni humo, akiwemo waziri wa jimbo Pierre Laporte, ambaye baadaye alikutwa ameuawa. Serikali ya Trudeau ikatangaza sheria ya hali ya vita, polisi wakakamata mamia bila kibali cha mahakama, na nchi ikashangilia. Douglas alisimama akapinga, na wabunge 16 wa chama chake wakapiga kura ya hapana dhidi ya 190. Hata ndani ya chama wengine walimwacha. Uzoefu wa miaka 17 wa kujenga barabara, kusambaza umeme vijijini na kusawazisha bajeti haukuwa na la kumwambia usiku ule. Kilichombeba ni dhamiri tu. Ninamheshimu kwa kura hiyo karibu sawa na ninavyomheshimu kwa hospitali.

Nyumbani kwetu, Katiba ya 2010 iliweka sehemu kubwa ya huduma za afya mikononi mwa kaunti. Kenya si shirikisho, lakini katika afya tumejiwekea mgawanyo unaofanana sana na ule wa Canada. Mwaka 2016 Kaunti ya Makueni, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, ilianza mpango wa bima ambapo kaya ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Nilipousikia mara ya kwanza nilikumbuka zile dola tano za Saskatchewan. Wajumbe wa kaunti nyingine walikwenda kujifunza. Mwaka 2022, mihula yake miwili ilipokwisha, Kibwana aliomba kiti cha useneta wa Makueni, na wapiga kura wakampa mgombea wa Wiper, Daniel Maanzo.

Siwezi kusema watu wa Makueni walikosea. Mawimbi ya vyama yana nguvu zake, na kila mpiga kura ana sababu yake. Ninachosema ni kwamba wachambuzi wetu walilishughulikia tukio lile kama mwisho wa habari. Waliandika nani kaanguka, nani kapanda, nani sasa ataingia baraza la mawaziri. Hassan Joho na Wycliffe Oparanya waliingia baraza hilo Agosti 2024 baada ya miaka kumi kasoro ya ugavana kila mmoja, na kurasa zilijaa hesabu za ukanda na kura. Ni wachache waliouliza: kutoka Mombasa na Kakamega, ni utaratibu gani, ni sheria ipi, ni hospitali ya aina gani imesafiri pamoja nao hadi Nairobi? Tangu magavana wa kwanza waapishwe 2013 hakuna hata mmoja aliyefika urais wala unaibu rais. Tukiendelea kuwapima kwa kiti tu, karibu wote tutawaandika wameshindwa, na zile kazi chache zilizofaa kuigwa zitafia kwenye makabati ya kaunti.

Ningependa mwandishi wa habari anayemfuata gavana kwenye kampeni ya 2027 amwulize swali la Swift Current: kitu gani kilijaribiwa kwenye wadi moja chini yako, kikakubali, ukakipeleka kaunti nzima, na kaunti jirani wakakuomba nakala? Anayeweza kujibu kwa majina ya zahanati na viwango vya ada ana cha kupeleka Seneti hata asipofika yeye. Mwenye majibu ya helikopta na umati wa watu anataka kuhama nyumba tu.

Tarehe 25 Juni 1968 Canada ilipiga kura tena. Douglas alikuwa anagombea Burnaby–Seymour, na akashindwa kwa kura zisizofika 200. Siku sita baadaye, tarehe 1 Julai 1968, sheria ya taifa ya matibabu ikaanza kutumika. Majimbo mawili tu yalikuwa tayari siku hiyo ya kwanza, Saskatchewan na British Columbia: moja alikotawala, moja lililokuwa limemnyima kiti wiki iliyotangulia. Kufikia 1972 nchi nzima ilikuwa imeingia.

Februari 1969 watu wa Nanaimo, kwenye kisiwa cha Vancouver, walimchagua katika uchaguzi mdogo akarudi bungeni. Aliacha uongozi wa chama 1971 na kubaki mbunge wa kawaida wa viti vya nyuma hadi 1979, Ottawa ile ile aliyoiacha 1944 kwenda kufungua wodi.